Kilichookotwa Kiitweje?

Beseni la bati lililotoboka kitako limekaa kando ya baraza yangu, limejaa udongo mweusi na mrehani. Karibu nalo pana tairi lililopakwa chokaa, na kulizunguka tairi nimechomeka chupa ardhini, midomo chini vitako juu, za kijani na za kahawia zikipokezana. Jioni moja mzee jirani alisimama langoni. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, umeipamba bustani kwa taka, ikapambika.” Alikuwa akinisifu, nami nilimshukuru. Lakini usiku ule neno taka lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nakuletea wewe, mlinzi mwenzangu wa lugha, kwa kuwa najua nawe umewahi kukoseshwa usingizi na neno moja.

Taka ni neno la hukumu. Halikitaji kitu, linataja uamuzi wa aliyekitupa. Ganda la ndizi, kiti cha miguu mitatu, chupa nzima isiyo na ufa, vyote vinakuwa taka dakika ile ile mkono unapoviachia. Na sauti yake ndiyo sauti ya kitenzi taka, kile cha kutamani kupata. Sidai kwamba yametoka shina moja, ila sikio linayasikia pamoja. Kisha fungua kamusi utazame majirani: takata, takataka, takatifu. Kilicho safi, kilichotupwa na kilichotukuka vimepangwa ukurasa mmoja, bega kwa bega. Kwa hiyo neno lenyewe silichukii. Nalikataa mahali pamoja tu, pale mkono wa pili unapoinama. Kitu kikishatakwa tena, kinawezaje kuendelea kuwa taka?

Jaa, jalala na dampo ni majina ya mahali, nami sina ugomvi nayo. Vitu vyangu vilitoka huko, havikai huko.

Kachara ni kali zaidi. Limetoka Bara Hindi, ambako lina maana ya takataka, na huku kwetu likaganda kwenye vilivyochoka kabisa: gari kachara, redio kachara. Katika nchi hiyo hiyo lilikotoka, mjini Chandigarh, mkaguzi wa barabara aitwaye Nek Chand alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kukusanya kwa siri mabaki ya vijiji vilivyobomolewa kuupisha mji mpya. Alikusanya vyombo vilivyovunjika, mawe na vipande vya bangili, akaviunda kuwa watu, ndege na wanyama katika msitu ambamo hakuruhusiwa kujenga. Wakubwa wa mji walikuja kuigundua kazi hiyo baada ya miaka mingi, na mwaka 1976 bustani yake ikafunguliwa kwa umma. Bangili nalo ni neno tulilolipokea kutoka Bara Hindi. Maneno mawili yalivuka bahari ile ile: moja likapata mkono wa bibi harusi, jingine likapata jaa. Nek Chand aliyakutanisha tena, akazivisha sanamu zake kachara kama bangili.

Kwenye biashara ya mabaki, neno linalotawala ni chakavu. Gerezani, Dar es Salaam, utasikia vyuma chakavu, na wenye haraka husema skrepa. Chakavu ni neno la haki: linasema kitu kimetumika mpaka kikalika, wala halisemi kwamba hakifai. Lakini mimi nalipenda zaidi kuukuu, kwa sababu limepitia kwenye mithali na kutoka na heshima yake. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyozeeka bado ni kamba, na ukambaa hata ukisukwa leo asubuhi ni ukambaa. Anayenunua sanamu mpya ya bata ya plastiki ilhali nyuma ya nyumba ana mtungi kuukuu wa bibi yake, namkumbusha mithali hiyo kwa mapenzi. Najua nyingine itanijibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Bora nisiwe na kidonda.

Sasa tuingie kwenye okota, kitenzi ambacho ningekipa kiti cha mbele.

Kuokota ni kuinama. Huwezi kuokota umesimama wima, na ndiyo maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kuokota ni bahati pia: aliyepata asichotarajia tunasema ameokota dodo chini ya mnazi. Kisha tazama kinachotokea ukiondoa herufi moja. Okota bila t ni okoa. Sikia tena hiyo t, ambayo masikioni mwangu inalia kama ile ya fumbata, ya kamata, ya pakata, vitenzi vya kugusa na kushikilia. Kuokoa kunaweza kufanywa kwa mbali, kwa kamba au kwa amri. Kuokota lazima kiganja kiguse. Mtunza bustani anayekibeba kiti kilichotupwa anafanya yote mawili, na Kiswahili kimeyaweka karibu kiasi kwamba ulimi ukiteleza kidogo tu umetoka katika moja na kuingia katika jingine.

Kwa hiyo kitu chenyewe, kabla hakijafanywa lolote, nakiita kiokotwa. Wingi viokotwa. Neno limejengwa kama kipendwa, halihitaji maelezo, na halina harufu ya jalala. Niliwahi kujaribu mabaki na masalio, lakini hayo yanatazama nyuma, kwenye kilichokuwa kizima kikapungua. Makombo ni ya chakula. Kiokotwa kinatazama mkono ulioinama.

Na mtu mwenyewe? Hapa pana neno linaloniuma. Chokora ni kupekua kwa ncha, kama mtu anavyochokora meno, na kutoka humo Nairobi na kwingineko wakapata chokoraa, jina la mtoto anayepekua mapipa ili ale. Kazi ya vidole vyake imegeuzwa kuwa tusi la utu wake. Dar es Salaam wanasema waokota makopo, na hilo angalau linataja kazi na kunyamaza. Nakuomba tushikilie mwokotaji, kwa mtoto wa mtaani na kwa msanii mwenye karakana, neno moja kwa wote wawili.

Kwa wanaookota ufukweni hatuna haja ya kubuni chochote. Lugha ilishawapa jina, na likahifadhiwa katika mithali inayojulikana hadi bara ambako bahari haionekani: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tumezoea kuitumia kwa kila anayejituma, tukasahau kuisikiliza. Upwa ni ule ukanda unaoachwa wazi maji yanapotoka. Kugaagaa ni kugeuka huku na huku bila kutulia. Mgaagaa na upwa ni yule anayetembea ukanda huo alfajiri, macho chini, akirudi na boya lililokatika kamba, kipande cha wavu, chupa iliyosuguliwa na mchanga mpaka ikawa ukungu. Tumrudishie jina lake. Mgaagaa mmoja, wagaagaa wawili.

Mara nyingi mgaagaa hurudi na gogo jeupe lililoliwa na chumvi, laini kama mfupa. Nimesikia likiitwa gogo la baharini, kana kwamba liliota humo. Wavuvi wana pwelewa, hali ya chombo kuachwa juu ya mchanga maji yakikupwa. Ni kizazi cha pwa, kitenzi kilichotuzalia pwani yenyewe. Gogo hilo halikuota baharini wala halikukatwa pwani, liliachwa. Naliita kipwelewa. Weka kipwelewa katikati ya majani ya mlangilangi, mgeni ataelewa bila kuambiwa kwamba hapa kuna kitu kilichosafiri.

Tumepata jina la kitu na la mtu. Kazi yenyewe ndiyo ngumu: kukichukua kiokotwa na kukifanya bora kuliko kilivyokuwa.

Neno linalosambaa katika mabango na hotuba ni rejeleza. Limetoka kwenye rejea, likapita kwenye rejelea, na jirani yake ni marejeleo, ile orodha ya vitabu nyuma ya tasnifu. Wanaolitumia wana nia njema, na kwa kiwanda kinachoyeyusha chupa ili zizaliwe chupa nyingine linafaa, maana pale kitu hurejea kilikotoka. Tairi langu halikurejea popote. Lilikuwa gurudumu, sasa ni kitanda cha maua, na haliendi tena barabarani. Kuchakata nako ni kwa mashine na kinu, na kinachochakatwa hupoteza umbo lake. Katika bustani umbo ndilo raha yenyewe: unataka mtu aone kwamba hili lilikuwa beseni.

Nilizunguka sana kabla ya kugundua kwamba neno lilikuwa limelala mchangani, mbele ya macho ya kila mtoto wa pwani. Ni kweza.

Kukweza ni kupandisha. Ni mtoto wa kwea, yule yule aliyemzaa mkwezi anayepanda mnazi. Lakini maana yake iliyo hai zaidi iko kwa mabaharia: kukweza chombo ni kukivuta kutoka majini mpaka nchi kavu, watu wakishika ubavu huu na ubavu ule kwa wimbo mmoja, ili kikwanguliwe, kizibwe nyufa, kipakwe mafuta. Baadaye hushuliwa, hurudi majini kikiwa kizima kuliko kilivyotoka. Katika tendo hilo kuna yote ninayoyatafuta. Kuna kunyanyua kilichochoka, mikono mingi, matengenezo yasiyobadili umbo, na thamani inayoongezeka, kwani bei nayo hukwezwa. Basi beseni langu limekwezwa. Tairi ni kikwezwa. Kazi ni ukwezaji, na afanyaye ni mkwezaji.

Utaniambia, na ni haki yako, kwamba kujikweza ni kujivuna. Kweli. Kosa hilo liko katika ji: ni yule anayejipandisha mwenyewe. Kiokotwa hakijikwezi. Kinakwezwa na mwingine, na hilo ni tendo la unyenyekevu kwa anayeinama kukinyanyua.

Lamu walilifanya jambo hili kwa namna ambayo neno na tendo vilikutana. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi dogo liitwalo Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndala kuukuu za kila rangi zilizokusanywa fukweni. Lilishuliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mafundi waliozoea kukweza vyombo vya mbao walikweza ndala zikawa chombo. Sioni namna nyingine ya kulisema kwa neno moja.

Na magae? Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ni pahala patamu.

Gae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na kikiwa kidogo ni kigae. Wazee walichukulia kigae makaa ya moto kutoka kwa jirani. Baadaye nyumba zikaezekwa kwa vipande vya udongo wa kuchoma, navyo vikaitwa vigae. Kisha sakafu zikatandikwa vipande vinavyong'aa kutoka viwandani, navyo vigae, ingawa fundi wa Dar es Salaam huenda akasema marumaru hata pasipo na marumaru yoyote. Neno la kilichovunjika limekuwa neno la kilichotengenezwa kizima. Ni safari nzuri, lakini imetuachia upungufu, kwani ukisema leo umepamba ukuta kwa vigae, msikilizaji anaona duka la vifaa vya ujenzi. Pendekezo langu ni dogo. Wenye viwanda tuwaachie vigae, na sisi turudishe magae kwa vipande vya sahani, vikombe na mitungi iliyopasuka. Kazi ya kuvipanga ukutani iwe nakshi ya magae. Najua nakshi kwa asili ni ya kuchonga, kama ile ya milango ya Lamu na Unguja. Lakini neno lenyewe lilishahama kutoka patasi kwenda sindano, tukapata nakshi za kofia, kwa hiyo halitashangaa kuhama tena.

Pwani hii ina haki ya zamani juu ya nakshi hiyo. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, yako makaburi yenye nguzo ambayo waashi walipachika mabakuli na sahani za Kichina katika chokaa. Mahali pengi mabakuli yameng'olewa, pamebaki vishimo vya duara vinavyotazama kama macho. Vyombo hivyo tunaviita vya kauri, na kauri ni yule kombe mdogo anayeng'aa, aliyewahi kutumika kama fedha. Waitaliano nao, walipoona vyombo vya Kichina mara ya kwanza, waliviita kwa jina la kauri katika lugha yao, na jina hilo likaenea Ulaya. Watu wa bahari mbili tofauti walishika sahani moja, wakakumbuka konokono yule yule. Nikikandika gae la sahani kwenye chokaa karibu na ganda la kauri niliyemkuta mtupu ufukweni, navirudisha vyote viwili kwenye neno lao moja.

Kombe nalo ni hivyo hivyo: ni gamba la baharini, ni sahani kubwa, na sasa ni kile wanachonyanyua mabingwa wa mpira. Mdogo wake, kikombe, yuko jikoni kwako.

Vyombo vya kupandia vina historia ya kukwezwa ndani ya majina yao. Kopo ni Kireno, na kwa Wareno ni bilauri ya kunywea. Kwetu likawa bati, kopo la maziwa, kopo la rangi. Leo mwokota makopo anakusanya chupa za plastiki. Kioo, bati, plastiki: neno lenyewe limeokotwa mara mbili na kupewa kazi mpya kila mara, na halijachakaa. Pipa nalo ni Kireno, na debe limetoka Bara Hindi. Debe tupu haliachi kuvuma, sote twajua, lakini nani ameliimba debe lililojaa udongo? Ligonge uone. Limetulia kabisa.

Ila hatuna jina moja la kopo, debe, beseni na kifuu cha nazi vinapokuwa na mmea ndani yake. Watu husema chungu cha maua, hata pale chungu chenyewe ni ndoo. Kipandio kingefaa kama hakingekuwa tayari ni cha kukanyagia mguu, kwa sababu panda ana kazi mbili. Nimeamua kumfuata ota. Mbegu huota, aliyelala huota, mwenye baridi huota moto. Chombo cha kuoteshea kiwe kioteo. Vioteo vitatu barazani: kimoja debe, kimoja kifuu, kimoja kiatu cha mtoto aliyekwisha kuoa.

Kama unaona ninabuni kupita kiasi, wakumbuke waliotutangulia. Viatu vilivyokatwa kwenye tairi, Tanzania viliitwa katambuga, Kenya akala. Taa iliyotengenezwa kwa kopo ikawa kibatari, na kwa wengine koroboi. Hakuna aliyesema “viatu vya tairi kuukuu” au “taa ya taka ya bati”. Kitu kipya kilipewa jina lake, asili yake ikaachwa ipumzike. Katika mitumba pia tulitaja furushi, tukaustahi uchakavu. Mafundi na wachuuzi walikuwa na adabu hiyo kabla BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, haijaundwa mwaka 1967, na nadhani sisi wa makaratasi tunaipoteza.

Juu ya kupamba nitasema moja. Anayemsindikiza bibi harusi ni mpambe. Kazi yake ni kupendeza kiasi cha kumpendezesha mwingine. Bustani nyingi za viokotwa huharibika pale wapambe wanapokuwa wengi kuliko maharusi: matairi kumi ya rangi saba, na ua moja la waridi limejificha. Niliondoa matairi mawili siku nilipolifikiria neno hili.

Maana bustani, kwa Kiajemi lilikotoka, ni mahali pa manukato: bu ni harufu, na stan ni mahali. Kwa kipimo hicho beseni langu la mrehani ni bustani kuliko uwanja mpana wa nyasi zilizokatwa. Lakini neno la nyumbani kabisa ni ua. Ua ni la kunusa, wingi maua. Na ua ni wa kuzungushia nyumba, wingi nyua. Ukisema “ua wangu” na “ua langu” unapita kutoka ukuta hadi petali kwa silabi moja ya umilikishi. Shangazi yangu hakuwahi kusema bustani maishani mwake. Alisema uani. Alipanga magae ya sahani zake zilizovunjika kuzunguka mche wa asumini, na alipoulizwa ni nini alijibu, “Ni sahani zangu.” Hakuona sababu ya kuzibadilishia jina.

Limebaki moja ambalo limenishinda. Nimeegesha ringi la baiskeli ukutani, bila tairi, spoki zikiwa kamili, ili asumini ipande. Kitu cha kupandishia mmea unaotambaa tukiiteje? Uchanja ni wa kulala, na hiki kimesimama. Nimefikiria kitambalio, lakini kinanuka shuka. Nimefikiria kikweo, kutoka kwea, na hapo nikafurahi kumkuta tena mzazi wa kweza. Ila nikilitamka mbele ya watu naona nyuso zikisita. Nipe lako. Asumini haikungoja: imeshafika spoki ya tano, na jana imejizungusha mara mbili kwenye kitovu cha gurudumu.